Nondo mweupe wa matango: geuza jani kabla ya kushika bomba

Ukiwa na tuta la matango au maboga, iwe Kigamboni au bonde la Msimbazi, huenda umeshamwona jioni: nondo mdogo mwenye mbawa nyeupe zinazopenyeza mwanga, zenye ukingo mpana wa kahawia iliyokolea. Mbawa zikikunjuliwa hufika kama sentimita 3. Mwisho wa tumbo ana shungi la manyoya, na akitua hulichanua na kulitikisa. Wanasayansi humwita Diaphania indica.

Nondo mwenyewe hali majani; hunyonya mbochi ya maua. Hasara huletwa na watoto wake. Jike hutaga chini ya jani, na baada ya siku chache hutoka viwavi wa kijani wenye mistari miwili myeupe mgongoni. Hawa hula nyama ya jani na kuacha mishipa, mpaka jani linabaki kama wavu. Wakikua hulikunja kwa nyuzi za hariri na kujificha ndani, na hapo dawa haiwafikii kirahisi. Tango lililogusana na jani hilo hutafunwa ganda, wakati mwingine hutobolewa kabisa. Kwa anayeuza msusa, jani likishakuwa wavu hakuna cha kupeleka sokoni.

Nisisitize jambo moja, kwa sababu wakulima wengi hupoteza fedha hapa. Ukipasua tango ukakuta funza weupe wasio na miguu, hao ni wa nzi wa matunda, na tiba yao ni nyingine. Kiwavi wa nondo ana miguu, na ukimgusa hujipindapinda kwa kasi.

Kwa bustani ya nyumbani mkono unatosha. Geuza majani kila baada ya siku mbili tatu, minya yaliyokunjwa, ondoa masalia baada ya kuvuna. Shamba likiwa kubwa, anza mapema na dawa ya mwarobaini au ya bakteria Bacillus thuringiensis, viwavi wakiwa bado wadogo. Chagua kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo zisipunguzwe hata moja.

Asubuhi usipulize. Tango na boga vina maua dume na maua jike, na nyuki ndio wabebaji wa chavua. Subiri jioni, wakiwa wamerudi mzingani.