Kuugua katikati ya bahari: dhana potofu na ukweli kuhusu dharura kwenye meli za kitalii

Ukizungumza na watu wanaojiandaa kupanda meli ya kitalii, au na jamaa za mabaharia wanaofanya kazi humo, utasikia imani mbili zisizopatana. Wapo wanaodhani meli ni hospitali inayoelea. Wapo wanaodhani mle ndani hakuna ila panadol na bendeji. Imani zote mbili huleta balaa lilelile: mgonjwa anachelewa kusema. Wa kwanza anaona msaada upo tu, hata kesho. Wa pili haoni faida ya kwenda zahanati. Mengi ya yaliyomo humu chini yanarudi kwenye kuchelewa huko.

Dhana: Daktari wa meli kazi yake ni kichefuchefu tu

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unataka kila meli inayobeba watu 100 au zaidi, katika safari za kimataifa za zaidi ya siku tatu, iwe na daktari aliyehitimu. Kampuni kubwa za meli za kitalii hufuata pia mwongozo wa chama cha madaktari wa dharura wa Marekani, na huo unadai zaidi: daktari na wauguzi wanaopatikana saa 24, kitanda cha wagonjwa mahututi, mashine ya kupumulia, mashine ya kushtua moyo, kipimo cha umeme wa moyo, eksirei, maabara ndogo, na dawa za kuyeyusha damu iliyoganda kwa aliyepata mshtuko wa moyo.

Dawa hizo za mwisho zinastahili maelezo. Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaolisha moyo unapoziba, na tangu hapo msuli wa moyo unaendelea kufa. Nchi kavu, mgonjwa hukimbizwa hospitali yenye uwezo wa kuuzibua mshipa. Melini, daktari anaweza kuanza kuyeyusha lile bonge la damu palepale, hata nchi kavu iwe mbali ya siku nzima. Lakini dawa hufaa ikitolewa mapema. Abiria anayesikia kifua kimebana saa nne usiku, akanywa soda akidhani ni gesi, akaja kugonga zahanati alfajiri, amekuja sehemu ya moyo wake imeshakufa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Meli nyingi hazina akiba ya damu, lakini zina njia ya kuongeza damu. Akitokea mtu anayetapika damu kwa sababu ya vidonda vya tumbo, tangazo hutolewa kwa abiria na mabaharia wenye kundi fulani la damu. Wanaojitokeza hupimwa haraka virusi vya UKIMWI na homa ya ini, wanathibitishwa kundi lao, kisha damu inakingwa kwenye mfuko na kupelekwa kitanda cha pili ikiwa bado na joto la mwili. Anayelijua kundi lake la damu, na zaidi anayesafiri na kadi yake ya mchangiaji, anaokoa muda mwingi siku hiyo.

Dhana: Kama kuna kitanda cha mahututi, basi kila kitu kinatibika humo

Hapa ndipo imani ya hospitali inayoelea inapoanguka, na mfano ulio wazi kuliko yote ni kiharusi.

Kiharusi kina sura mbili. Kuna cha mshipa wa ubongo kuziba, na kuna cha mshipa kupasuka. Kwa nje vinafanana: mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki sawasawa. Tiba zake ndizo zinazopingana. Wa kwanza anahitaji dawa ya kuyeyusha damu ndani ya saa nne na nusu hivi tangu dalili zianze. Wa pili akipewa dawa hiyohiyo anaweza kufa. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni picha ya ubongo kwa CT skani, na meli za kitalii kwa kawaida hazina mashine hiyo. Kwa hiyo daktari anaweza kuwa amesimama kando ya mgonjwa, dawa ipo kabatini, na asithubutu kuitoa. Anachoweza ni kulinda pumzi na shinikizo la damu, na kuhangaikia njia ya kumfikisha mgonjwa kwenye skani.

Ndiyo maana swali la kwanza utakaloulizwa ni: lini umemwona mara ya mwisho akiwa mzima? Wewe unayesafiri na mzazi au mwenzi, angalia saa, uiandike. Saa hiyo ndiyo itakayoamua kama meli ikaze mwendo, ibadili njia, au helikopta iitwe.

Upasuaji mkubwa nao usiutarajie. Kwa wajawazito, kampuni nyingi hazimpokei mama atakayekuwa ametimiza wiki 24 kabla safari haijaisha, kwa sababu melini hakuna vifaa vya kumlea mtoto njiti.

Dhana: Mambo yakiharibika, helikopta itakuja

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa watu wanaiona kwenye filamu na kuiamini.

Helikopta ina mwisho wake. Ile aina ya Jayhawk inayotumiwa na walinzi wa pwani wa Marekani, ambayo ni miongoni mwa zenye uwezo mkubwa, inafika maili 300 za baharini kutoka pwani, inakaa juu ya chombo kama dakika 45, kisha lazima igeuze kabla mafuta hayajaiponza. Sasa chukua ramani ya bahari yetu. Kutoka Mombasa hadi Mahé, Ushelisheli, ni zaidi ya maili 900 za baharini. Meli yenye mwendo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, inachukua kama siku mbili. Ikifika katikati ya njia, iko zaidi ya maili 450 kutoka kila upande, na hiyo Jayhawk isingeifikia hata kama ingekuwepo huku. Mgonjwa wa mahali hapo tegemeo lake ni daktari wa meli, ushauri wa redio, na injini.

Ushauri wa redio si jambo la kubeza. Roma kuna kituo kiitwacho CIRM, kilichoanzishwa mwaka 1935, na Guglielmo Marconi, yule wa redio, alikuwa rais wake wa kwanza. Madaktari wake wanashauri bure meli za bendera yoyote, popote zilipo. Kwa upande wetu, Mombasa kuna kituo cha kanda cha kuratibu utafutaji na uokoaji, kilichofunguliwa 2006. Nahodha akiomba msaada katika maji haya, vituo vya namna hiyo ndivyo vinavyotafuta chombo kilicho karibu na hospitali ya kumpokea mgonjwa.

Na helikopta ikifika je? Mara nyingi haitui. Nahodha anaiweka meli kwenye mwelekeo na mwendo usiobadilika, upepo ukiingia kidogo kushoto mwa omo, yaani mbele ya meli, ili rubani, ambaye winchi yake iko kulia, apate kuelea bila kuyumbishwa. Sitaha inafagiliwa: viti, mataulo, miavuli, bendera, chochote kinachoweza kupeperushwa na upepo wa mapanga ya helikopta. Kikosi cha zimamoto kinasimama tayari na mipira ya maji. Abiria wanaambiwa wakae ndani na wasipige picha kwa mwanga. Kisha ndoano inashuka, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa mpaka igonge sitaha kwanza, kwa sababu helikopta hujikusanyia umeme hewani na atakayeudaka waya mapema anaweza kupigwa na kuanguka. Waya wenyewe haufungwi popote kwenye meli, hata kwa sekunde moja. Machela inanyanyuliwa ikizunguka hewani, mgonjwa kafungwa mikanda, kelele zimejaa, na kwa dakika hizo hakuna wa kumkandamiza kifua moyo ukisimama.

Basi daktari anapokataa kuita helikopta, au walinzi wa pwani wanapopitia taarifa za mgonjwa na kusema asubiri kuche, wamepima hatari hizo dhidi ya faida. Wagonjwa wengi wanaoshushwa melini hushuka kwa ngazi ya bandarini, kwenye ambulensi iliyokwisha kuitwa. Wengine huchukuliwa na boti.

Anayedhani helikopta zinaweza kuhamisha meli nzima na aitazame Viking Sky. Machi 2019, meli hiyo ilizimika injini katika dhoruba karibu na pwani ya Norway ikiwa na watu 1,373. Helikopta zilifanya kazi kuanzia mchana, usiku kucha, hadi asubuhi, katika nchi yenye uokoaji wa kiwango cha juu, na zilitoa watu 479. Waliobaki waliingia bandarini na meli yenyewe.

Dhana: Meli haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja

Hugeuzwa. Daktari hushauri, nahodha huamua, na nahodha ana mamlaka ya kubadili njia ili kuokoa uhai bila kungoja kibali cha ofisi ya kampuni. Lakini kugeuza kuna maana pale tu bandari ya karibu ina hospitali inayoweza kumsaidia mgonjwa huyo. Kisiwa kilicho saa tatu kisicho na skani kinaweza kuwa kibaya kwake kuliko mji ulio saa tisa.

Dhana: Nimeshalipa tiketi, matibabu yamo

Hayamo. Abiria hulipia kumwona daktari, vipimo na dawa, na bili inaingia kwenye akaunti yake ya melini. Kwa wazee wetu walioko Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko, huweza kulipia tu meli ikiwa ndani ya maji ya Marekani na si zaidi ya saa sita kutoka bandari ya huko. Kadi ya afya ya Uingereza ya kutumia ughaibuni, GHIC, haihusu safari za meli za kitalii.

Kuokolewa na walinzi wa pwani wa Marekani hakumletei mgonjwa bili. Gharama inaanza akishatua: hospitali ya ugenini, kisha ndege ya wagonjwa ya kumrudisha kwao. Ndege hiyo ni makumi ya maelfu ya dola, na ikivuka bahari kuu inaweza kupita dola 100,000. Ukinunua bima ya safari, tafuta mstari unaotaja kuhamishwa kwa sababu za kiafya na kiasi chake, na utaje ugonjwa ulio nao tayari. Bima nyingi hukataa madai kwa sababu sukari au presha haikuandikwa kwenye fomu.

Mambo mawili madogo hapohapo. Kwanza, usiweke dawa zako za kila siku kwenye sanduku unalomkabidhi mchukuzi bandarini. Sanduku hilo linaweza kukufikia saa nyingi baadaye. Pili, usidhani utapanda helikopta na mgonjwa wako. Mara nyingi nafasi ni ya mgonjwa peke yake. Mfungie pasipoti, orodha ya dawa, miwani, simu na chaja, wewe ubaki hadi bandari inayofuata.

Dhana: Akifa mtu, hutupwa baharini

Kwenye pwani yetu hii bado inasemwa. Meli kubwa za kitalii zina chumba cha maiti chenye baridi, na mwili huhifadhiwa hadi bandari ambayo mamlaka zake zitakubali kuupokea. Familia ya Kiislamu inayotaka maziko ya haraka iseme mapema kwa uongozi wa meli na kwa ubalozi, kwani ni hati za nchi husika zinazochelewesha zaidi.

Dhana: Baharia akisema anaumwa, kazi imekwisha

Kwa vijana wetu wa Mombasa, Lamu na Unguja walioko jikoni, vyumbani na injini, hofu hii naielewa. Anayehara anajikaza aendelee na zamu kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Lakini anayeandaa chakula akiwa na norovirusi, kirusi cha kuhara na kutapika, anaweza kuangusha meli nzima, na dawa ya mikono ya alkoholi haiwezi sana kirusi hicho. Kinataka sabuni na maji. Utaratibu wa Marekani unamtaka mhudumu wa chakula akae pembeni saa 48 baada ya dalili kuisha. Kutengwa huko ni kanuni ya afya, si adhabu.

Na mkataba ule wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, uko upande wake. Matibabu ya baharia melini ni bure, pamoja na meno yanayohitaji tiba ya lazima. Ana haki ya kumwona daktari wa nchi kavu bandarini inapowezekana. Akiumia au kuugua akiwa kazini, mwenye meli anabeba gharama za tiba na malazi yake, na sheria ya nchi haiwezi kuuwekea wajibu huo kikomo cha chini ya wiki 16. Gharama ya kumrudisha kwao nayo ni ya mwenye meli. Ila haki hizo zinadaiwa kwa karatasi. Baharia aliyeteleza jikoni akanyamaza, akaja kulalamikia mgongo miezi miwili baada ya mkataba kuisha, hana cha kuonyesha. Aende zahanati siku ileile, ahakikishe tukio limeandikwa na tarehe yake, aombe nakala, na aitume nyumbani kwa simu kabla hajashuka.