Kwa nini damu ya samaki huyu ilikosa wekundu

Ukitaja protini sokoni Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, utajibiwa maharagwe, mayai na samaki wadogo wa sambaza. Jibu ni sahihi, na hapa Kivu lina uzito wake, maana bwaki, ugonjwa wa utapiamlo, tunaijua: mtoto anavimba miguu, nywele zinageuka rangi. Lakini protini tuliyoila haibaki kuwa maharagwe. Mwili unaivunja vipande vidogo, kisha kwa vipande hivyo unajenga protini zake wenyewe, za maelfu ya aina, kila moja na kazi yake. Hemoglobini inabeba oksijeni kwenye damu. Insulini inaziambia seli zipokee sukari. Maelekezo ya kujenga kila moja yameandikwa kwenye jeni, na herufi moja ikikosewa, kazi nzima inaweza kuharibika. Watoto wenye SS, yaani selimundu, wamezaliwa na kosa la namna hiyo kwenye hemoglobini.

Hemoglobini imechunguzwa sana. Binadamu ana jeni karibu 20,000 za kujenga protini, na nyingi kati yake bado hazijaeleweka vizuri. Utaijuaje kazi ya kitu usichokiona? Mpishi hufanya hivi bila kusoma biolojia: anaonja mchuzi, anajua chumvi imesahauliwa. Ondoa kitu kimoja, utazame kilichopungua. Kwa mtoto wa mtu hakuna anayeruhusiwa kufanya hivyo, wala asiruhusiwe kamwe. Ndipo anapoingia samaki mdogo wa urefu wa sentimita 4 hivi, mwenye milia ya buluu kutoka kichwani hadi mkiani. Wataalamu wanamwita Danio rerio. Wengine humwita samaki pundamilia. Kwao ni mito na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal.

Aliyemwingiza kwenye utafiti wa jeni ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliyechapisha kazi yake mwaka 1981. Jike hutaga mayai mamia kwa mara moja, na mimba inatungwa nje, ndani ya maji. Kiinitete chake kinapenyeza mwanga kama kioo. Baada ya siku moja tu moyo unapiga, na kwa hadubini ya kawaida unaona seli za damu zikipita moja moja, bila kupasua chochote. Mara ya kwanza nilipoutazama moyo ule nilikaa kimya muda mrefu. Mwaka 2013 jeni zake zote zilipochapishwa, ilionekana kwamba asilimia 70 hivi ya jeni za binadamu zina ndugu zao ndani ya samaki huyu.

Kisa ninachowasimulia wanafunzi wangu kila mwaka ni cha damu. Katika miaka ya 1990, timu ya Christiane Nüsslein-Volhard huko Tübingen, Ujerumani, iliharibu jeni za samaki kwa kemikali, bila kuchagua ipi, ikazalisha vizazi kadhaa na kukagua watoto wao. Baadhi walikuwa na damu iliyopauka. Walipewa majina ya divai, na kundi moja likaitwa weissherbst. Mwaka 2000, timu ya Leonard Zon huko Boston iliipata jeni iliyoharibika. Protini yake ikaitwa feropotini, nayo ni mlango ambao chuma hutokea kwenye seli kuingia katika damu. Kiini cha yai kilikuwa na chuma cha kutosha, ila mlango haukufunguka. Walipowadunga samaki wale chuma moja kwa moja kwenye damu, wekundu ukarudi. Basi kiwanda cha damu kilikuwa kizima. Mali ghafi ndiyo iliyokwama njiani. Timu nyingine mbili ziliifikia protini hiyohiyo mwaka uleule kwa njia tofauti.

Kisha wakaitafuta kwa binadamu, wakaikuta kwenye kondo la nyuma, pale ambapo chuma cha mama kinavuka kwenda kwa mtoto. Mwaka 2001 familia za Italia na Uholanzi zilizokuwa na chuma kilichozidi mwilini zilikutwa na kasoro kwenye jeni hiyo.

Jambo hili linatuhusu hapa Bukavu. Ini linatengeneza homoni iitwayo hepsidini, na kazi yake ni kuufunga mlango wa feropotini. Malaria inaipandisha. Ndiyo sababu mtoto mwenye malaria anaweza kupewa vidonge vya chuma na damu isipande, kwa kuwa chuma kinabaki kimefungiwa ndani ya seli. Mama, kama mtoto wako amepungukiwa damu na ana homa, apimwe malaria na kutibiwa. Vidonge peke yake havitoshi.

Siku hizi hatungojei bahati. Tangu 2013 mkasi wa CRISPR unatumika kukata jeni moja iliyochaguliwa ndani ya yai la samaki. Baadaye kiinitete kinaweza kupewa protini ya binadamu, ili ijulikane kama inaziba pengo.

Samaki huyu ana mipaka yake. Hana mapafu, habebi mimba, anaishi kwenye joto la nyuzi 28 hivi badala ya 37, na jeni zake nyingi ziko mbili mbili, hivyo ukiondoa moja, ya pili huweza kushika kazi. Jibu lake ni dalili nzito, bado si matibabu.

Naulizwa kama tunaweza kumfuga hapa. Tunaweza. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, usiku ni baridi, kwa hiyo maji yapashwe moto na pampu isizime hata umeme ukikatika. Betri za jua zingesaidia. Nalitamani hilo kwa sababu moja. Jeni zilizosomwa zaidi duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya. Mtoto wa hapa Kivu, wa kutoka Walungu au Kabare, akisomwa jeni zake, yataonekana mabadiliko ambayo hayajaelezwa popote, na daktari atauliza: herufi hii inaharibu protini, au ni tofauti tu isiyodhuru? Mtoto yuko kitandani, mama yake anasubiri. Kiinitete cha samaki kikipewa protini ile, yenye herufi ya kawaida na yenye iliyobadilika, kinaweza kuanza kujibu ndani ya siku tano.