Aliyepigwa na mionzi haambukizi

Wengi hudhani mfanyakazi aliyepigwa na mionzi ya kiwandani huwaambukiza wenzake, kama homa. Sivyo. Februari 1999, huko Yanango, Peru, mchomeleaji aliokota kipande kidogo cha chuma chenye iridiamu-192, metali itoayo mionzi mikali, kilichochomoka kwenye kifaa cha kupigia picha mabomba. Akakitia mfukoni mwa suruali, akaendelea na kazi kwa saa kadhaa. Hatimaye alikatwa mguu. Mkewe naye aliungua kidogo, kwa kuikalia suruali ile. Si kwa kumgusa mumewe. Kipande kilipoondolewa, mionzi ilikwisha. Madhara ndiyo yaliyobaki. Unga wa mionzi uliomwagika, kama ule wa seziamu huko Goiânia, Brazili, mwaka 1987, ni habari nyingine: huo hunata mwilini na husambaa.