Mmanyema si mgeni Ujiji

Juzi jioni binti wa jirani yangu alirudi nyumbani macho mekundu. Alikwenda kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi zake, afisa akasoma jina, akauliza kabila. "Mmanyema." Kalamu ikawekwa chini. "Kwenu si Kongo?" Akaambiwa arudi siku akipata ushahidi wa babu zake.

Nimetumia miaka mingi kukaa kwenye baraza za wazee wa Ujiji, mji wetu wa kale kando ya Ziwa Tanganyika, nikiandika wanayoyakumbuka, na swali hilo nimelisikia hadi limenikaa kooni. Maafisa wanaliuliza, madereva wanaliuliza, wanafunzi wanaokuja kwa ziara wanaliuliza wakiwa wamekaa juu ya mkeka wa bibi aliyewapikia chai. Leo nalijibu kwa urefu.

Ya Livingstone, yule msafiri na mmisionari wa Kizungu, kwanza, niyapishe. Mwandishi wa habari Stanley, aliyetumwa kumtafuta, alimkuta hapa mwaka 1871. Jiwe la kumbukumbu linasema 10 Novemba, lakini ukifuata hesabu ya Livingstone mwenyewe unaangukia siku za mwisho za Oktoba. Homa ziliwavurugia wote wawili kalenda, kwa hiyo mimi siwakaririshi watoto tarehe ile. Mwembe unaosemwa walikutana chini yake ulikwishakufa. Wageni wanauliza kwa nini mnara wa kumbukumbu yao uko mbali na maji, wakidhani umewekwa pasipo pake. Ufuko ndio uliohama. Wakati ule ziwa lilikuwa limejaa kwa sababu Mto Lukuga, ng'ambo ya pili, ulikuwa umeziba. Ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, maji yalishuka kama mita 10 katika muda usiofika miaka 20. Hayo yanatosha.

Sasa sikilizeni. Zamani Ujiji lilikuwa jina la nchi, nchi ya Wajiji, na mji huu ulianza kama vijiji, Ugoi na Kawele. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858, walitia nanga ya safari yao Kawele, na walipotaka kwenda Uvira, kaskazini ya ziwa, ilibidi wapatane na mkubwa wa pale, Kannena, kwa kuwa mitumbwi na wapiga makasia vilikuwa mikononi mwake. Sokoni palikuwa na chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, pembe za ndovu, na malipo yalikwenda kwa shanga zilizoitwa sofi. Mji wenye fedha yake, bandari yake na ushuru wake haukumngoja Mwarabu wala Mzungu aje kuuanzisha. Wafanyabiashara wa mwambao waliingia kama wageni, wakaomba mahali pa kujenga. Baadaye nguvu ziligeuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, pwani inayotazamana na Zanzibar, alikuwa akipeperusha hapa bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar.

Wamanyema ni akina nani basi? Hapa ndipo watu wanaponichosha, maana kila mmoja anataka jibu la neno moja.

Manyema ni jina la nchi iliyo magharibi ya ziwa, kuelekea Mto Lualaba, kule Nyangwe na Kasongo. Ukifika huko ukauliza, utaambiwa huyu Mbangubangu, huyu Mkusu, huyu Mzimba. Kila mmoja na lugha yake. Waliovuka ziwa wakafikia Ujiji, pamoja na Wagoma, Waholoholo, Wabwari na Wabembe wa pwani ya ng'ambo, wengi wao walijikuta wanaitwa kwa jina moja, wanaoleana, wanazikana, wanaswali msikiti mmoja na kuongea Kiswahili kimoja. Umanyema kama kabila la mjini, lenye mitaa yake, wazee wake na mashangazi wake wa kumfunda mwari, ulifinyangwa huku upande wa mashariki wa ziwa. Kumwambia Mmanyema wa Ujiji arudi kwao Kongo ni kumrudisha mahali ambapo jina analoitwa lilikuwa jina la nchi tu.

Tena wote hawakuvuka kwa njia moja, na hili lazima lisemwe. Wako waliokuja na biashara zao. Wako wapagazi, wako wake walioolewa, wako waliokimbia vita. Na wako wengi waliovushwa shingo zikiwa kwenye kongwa. Ujiji ilikuwa kituo cha biashara ya watumwa, na mimi sitalifunika hilo ili mji wangu upendeze. Lakini angalieni neno "mngwana". Kule pwani mngwana ni mtu huru wa kuzaliwa. Likafika huku likatanuka, likawachukua hata waliokuwa bado na bwana, alimradi wamevaa kanzu, wameshika dini na wanaongea Kiswahili. Watu walijivisha heshima waliyokuwa wamenyang'anywa.

Ndiyo maana masimulizi yangu yana kasoro ambayo vitabu vya shule havitakuonyesha. Nikimuuliza mzee babu yake alikujaje, kila mara jibu ni "alikuja na msafara". Katika msafara huo akiwa nani? Mwenye mali, mbeba mzigo, au mzigo wenyewe? Kuna bibi mmoja nilimuuliza mara mbili, akanyamaza, akaanza kuchambua mchele. Sikuuliza mara ya tatu. Kwa hiyo daftari zangu zimejaa matajiri kupita kiasi, na ninajua hivyo, na bado sioni haki ya kumvua mtu wa miaka themanini nguo ambayo babu zake walijishonea.

Angalieni pia mpaka. Dola Huru ya Kongo ilitangazwa mwaka 1885, Wajerumani wakafika ziwani baadaye. Nyumba nyingi za Kimanyema hapa zilikwishasimama. Hawakuvuka mpaka wowote, mpaka ndio uliopita katikati ya ziwa lao. Na siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, sheria ilisema wazi: aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmojawapo akawa amezaliwa Tanganyika, ni raia. Hakukuwa na kifungu cha kabila.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Ghuba ya Kigoma ina kina na kinga ya upepo, ufuko wetu uko wazi, basi bandari ikawa kule na sisi tukabaki na mitumbwi. Watu wakahama na ujuzi wao. Mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, akija msibani hapa hahitaji kuelekezwa kitu, na pale Kariakoo, Dar es Salaam, Msikiti wa Manyema unasimama hadi leo.

Waliobaki ndio mji huu. Njoo usiku wa giza ushuke mtaa wa Kasingirima, utaona taa za wavuvi zimejipanga ziwani kama mji wa pili. Ikija mbalamwezi dagaa hawakusanyiki kwenye taa, nyavu zinapanda juu, na siku hizo ndizo za kushona nyavu, za harusi, za zikiri za tarika ya Kadiria na za kudaiana. Kwenye mwambao huo huo Muha, Mbembe na Mmanyema wanaanika dagaa pamoja, mvua ikitishia wanakimbia kuanua bila kuulizana ni wa nani. Nimeshuhudia mzee wa Kimanyema akipokea "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, asubuhi nzima na kuijibu bila kuinua macho kwenye nyuzi zake.

Yule binti alikuja jana na bahasha ya nailoni. Ndani mna hati ya ndoa ya bibi mzaa baba wa babu yake, Kiswahili cha herufi za Kiarabu, imeandikwa Ujiji, ina majina ya mashahidi wanne. Nimeisoma kwa sauti mbele ya shangazi zake mara mbili, nikaiandika upya kwa herufi za kilatini, neno kwa neno. Majina mawili ya mashahidi yana wajukuu mtaa wa pili, nao wamekubali kuja. Jumatatu tunakwenda ofisini wote sita.