Meno ya mbwa na paka: "lakini bado anakula" si jibu

Kinywa cha mbwa wangu kinanuka. Si ndivyo mbwa walivyo?

Sivyo. Kinywa chenye afya hakitoi uvundo. Harufu hiyo mara nyingi hutoka kwa bakteria walioshambulia fizi. Ukoga laini hujijenga kwenye meno kila siku. Usipoondolewa, baada ya siku mbili tatu hushika madini ya mate na kuwa ugaga, ule utando mgumu wa kahawia ambao mswaki hauuwezi tena. Fizi huvimba, huachana na jino, kisha mfupa unaolishika jino huanza kulika. Fizi zilizovimba hupona zikitibiwa mapema. Mfupa uliolika haurudi.

Lakini bado anakula. Si dalili kwamba haumwi?

Si dalili hata kidogo. Wanyama wanaletwa meno yakicheza na usaha ukichuruzika, na mwenye mnyama bado anasema, "Lakini asubuhi alikula." Mbwa na paka huficha maumivu, na njaa humshinda hata mwenye jino bovu. Atatafunia upande mmoja, atameza bila kutafuna, ataangusha chakula na kukiokota tena. Anakula kwa sababu ana njaa. Usisubiri aache kula.

Tazama mengine: mate yenye damu, kujikuna uso kwa mguu, kukataa kushikwa kichwa. Paka huacha kujilamba, manyoya yakawa matimutimu, au huisogelea sahani kisha akarudi nyuma.

Amevimba chini ya jicho. Nimtie dawa ya macho?

Hapana. Kwa mbwa, uvimbe wa hapo mara nyingi ni jipu kwenye mzizi wa jino kubwa la kutafunia la taya la juu. Hupasuka, hukauka, ukadhani amepona, kisha hurudi. Dawa ya macho haifiki kwenye mzizi. Na ndiyo, huyo naye bado anakula. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo.

Nimpe dawa yangu ya maumivu wakati nasubiri?

Usithubutu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Ibuprofeni huchubua tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

Ugaga naweza kuubandua mwenyewe?

Usiubandue. Utalikwaruza jino, ukoga ushike upesi zaidi, na ugaga unaodhuru kweli umejificha chini ya fizi. Kazi hiyo hufanywa na daktari, mnyama akiwa amelazwa kwa nusukaputi baada ya kupimwa, pamoja na picha ya eksirei kwa sababu mizizi haionekani kwa macho.

Mswaki unapigwaje?

Kila siku, kwa mswaki laini wa mtoto. Tumia dawa ya meno ya wanyama tu: yetu ina floraidi, ambayo wao huimeza, na nyingine zina zailitoli, sumu kali kwa mbwa.

Wiki ya kwanza msugue kwa kidole kilichofungwa kitambaa chenye unyevu, sekunde chache tu. Kisha inua mdomo wa juu bila kumfungua kinywa, ulaze mswaki kwa nyuzi 45 pale jino linapokutana na fizi, uzungushe taratibu. Nusu dakika kila upande, nje ya meno, inatosha. Anza na chonge, malizia nyuma, ambako ugaga hujaa zaidi. Fizi zikiwa tayari zinatoa damu au zinauma, daktari kwanza, mswaki baadaye.

Mifupa je, haisafishi meno?

Huyavunja. Kitu ambacho ukucha wako hauwezi kukitia alama ni kigumu mno kwa jino.

Aking'olewa meno, atakulaje?

Chakula laini, kwa muda wa wiki mbili hivi. Wengi hula vizuri kuliko awali, hata paka waliobaki bila jino. Mswaki usirudi hadi daktari aone jeraha limefunga.