Uyoga umeota kwenye tuta la mchicha: maswali na majibu

Mvua za Tabora zikishakolea, maswali ninayoulizwa hufanana. Kwenye tuta la mboga nyuma ya nyumba kumeota vitu vyeupe vyenye kofia, na jana havikuwepo. Ving'olewe? Vimwagiwe dawa? Au viingie chunguni?

Umetoka wapi, na mimi sikuupanda?

Kuvu ilikuwa humo ardhini siku nyingi. Mwili wake hasa ni nyuzi nyembamba nyeupe, mithili ya utando wa buibui, zinazotambaa chini kwa chini zikila mti uliooza, samadi na majani makavu. Uyoga unaouona ni kama tunda lake, nao hutokeza udongo ukiloa vizuri. Kama pale palikuwa na mwembe ukakatwa, jibu huenda liko hapo: mizizi hubaki chini miaka mingi, na kuvu inaitafuna taratibu. Maranda ya mbao na samadi isiyoiva nayo huuleta.

Unaharibu mboga?

Mara nyingi hapana. Unaozesha takataka na kurudisha rutuba. Kuvu zinazougulisha mboga zina sura nyingine: miche kitaluni inalegea shingoni na kulala, au majani ya maboga yanapata unga mweupe. Hizo hazioti kofia. Lakini ukiona uyoga umetoka kwenye shina la mti ulio hai, ukague mti huo, maana huenda unaoza ndani.

Mchicha ulioota kando yake unalika?

Unalika. Sumu ya uyoga haihamii kwenye mchicha. Chambua jani kwa jani, maana vinyoga vidogo hujificha kwenye fungu, kisha osha kwa maji safi.

Nitautambuaje wenye sumu?

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Sisi watu wa Tabora tumelelewa na uyoga. Msitu wa miombo unatupa kila masika, na wapo kina bibi wanaoufahamu ule wa msituni na wa kichuguuni kama wanavyowafahamu wajukuu zao. Ujuzi huo ni wa kweli, ila ni wa uyoga ule, mahali pale. Ulioota bustanini ni mgeni, hata ukifanana na ule wa bibi.

Mfano ni uyoga mmoja mkubwa unaopenda bustani na nyasi za uani. Kofia yake ni nyeupe, pana kama sahani, ina magamba ya kahawia. Ukiwa mchanga, vijani vya chini ya kofia ni vyeupe, nao unavutia kweli. Ukikomaa, vijani hivyo vinageuka rangi ya kijani iliyofifia. Aliyeula huanza kutapika na kuharisha vibaya ndani ya saa 1 hadi 3.

Ipo mingine mibaya zaidi, inayoshambulia ini. Huyo aliyekula analala salama, kisha baada ya saa 6 hadi 24 anaanza kutapika na kuharisha. Baadaye anapata nafuu, familia inashukuru Mungu, kumbe ini linaendelea kuharibika. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya manjano. Nafuu hiyo ndiyo imewaponza wengi.

Njia za kupima tulizorithi hazisaidii. Kitunguu saumu kubadilika rangi, kijiko cha fedha kuwa cheusi, konokono kuula asife: hakuna hata moja inayothibitisha usalama. Sumu ya ini haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kuanika juani.

Basi niuondoeje?

Ung'oe asubuhi, kabla kofia haijafunguka na kumwaga vumbi lake la uzazi. Kuugusa hakukudhuru, ila vaa mfuko wa plastiki mkononi, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Ufukie kwenye shimo au utupe chooni. Usiuache pembeni mwa tuta wanapocheza watoto.

Kesho utaota mwingine, usikate tamaa. Chimba utafute kisiki, mzizi au kipande cha ubao, ukitoe. Pindua matandazo yapate jua, punguza kumwagilia jioni, na panua nafasi kati ya miche hewa ipite. Chakula kikiisha, kuvu nayo inakoma. Mwenye pumu afunge kitambaa puani na mdomoni anapopindua samadi yenye ukungu.

Tafadhali, msimwage mafuta ya taa, chumvi, dawa ya madoa wala dawa ya kuvu ya shambani. Hazifiki kwenye nyuzi zote za chini, lakini mboga mtazila ninyi.

Mtoto ameshaula. Nifanye nini?

Toa mabaki mdomoni, kisha mpeleke hospitali mara moja: Kitete kama uko mjini, au kituo cha afya kilicho karibu. Usimlazimishe kutapika, usimnyweshe mafuta wala maziwa. Chukua kipande cha uyoga uliobaki, au hata matapishi, ukifunge kwenye karatasi, na mweleze mganga saa uliyoliwa. Akiharisha njiani, mpe maji ya ORS kidogo kidogo, mradi yuko macho na anameza. Kama ulipikwa mkala pamoja, nendeni wote, hata ambaye hajisikii chochote.