Kipindupindu katika nyumba ya kupanga: maswali na majibu

Sisi tunachemsha maji. Bado kuna cha kuogopa?

Kipo, na mara nyingi kimo ndani ya ndoo ya maji hayo hayo. Maji yakitokota, vimelea vya kipindupindu hufa. Lakini yakishapoa hayana tena kinga. Mtoto anatoka chooni, anazamisha kikombe na vidole vyake. Mgeni naye vivyo hivyo. Hadi jioni mkaa umeteketea bure. Hifadhini maji kwenye dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki, mahali ambapo mkono hauingii. Wenye mtungi watenge kata ya mpini mrefu, itundikwe ukutani, na mtu asiinywee. Mkiona utelezi ndani ya chombo, kisugueni kwa sabuni kabla ya kukijaza tena. Kuongeza maji mapya juu ya mabaki ya jana ni mazoea mabaya mno, na yapo karibu kila nyumba.

Vyumba sita, choo kimoja. Hakuna anayeumwa, tuna haja gani ya kuhangaika?

Mtu anaweza kubeba vimelea bila kuumwa, akavitoa kwenye kinyesi kwa siku 1 hadi 10. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika mikoa mingine na Zanzibar. Kwa hiyo msisubiri mgonjwa. Tundikeni kibuyu chirizi (dumu dogo la kunawia linalochuruzisha maji) nje ya mlango wa choo, na sabuni ya mche ining'inie pembeni. Ugomvi utazuka juu ya nani ajaze maji. Pangeni zamu mapema, na watoto wakubwa wamo.

Sabuni ikiisha?

Sugueni kwa majivu, kisha msuuze. Maji matupu hayatoshi.

Karai la kunawia wageni kabla ya kula je?

Liacheni. Wa tano ananawa uchafu wa wanne waliomtangulia. Mmoja amimine kwa birika, beseni lipokee chini, kama wazee wa Pwani walivyofanya siku zote.

Mgonjwa ametapika sakafuni. Nisafisheje?

Vaa glavu, ukikosa, funga mikono kwa mifuko ya plastiki. Chukua jiki (soma chupa, iwe ya klorini asilimia 3.5), kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Mwagia matapishi, subiri dakika 10, ndipo ufute na kutupa chooni. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa inayochoma mapafu. Nguo na shuka zake zisifuliwe mtoni wala karibu na kisima.

Nimpe nini kabla hatujafika zahanati?

ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa kiasi cha maji salama kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1. Ukikosa, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1. Vijiko viwe vya kusawazishwa, na chumvi isizidi kabisa. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kuharisha majimaji meupe kama maji yaliyooshea mchele kunaweza kuua ndani ya saa chache, kwa hiyo hata kama ni usiku wa manane, tafuteni bajaji, na kikombe kiende naye njiani.